Watatu Tu, na Jibwa Moja

Watatu! Narudia, maana koti sijalivua na masikio bado yanavuma makofi: waigizaji watatu, basi, ndio walioibeba The Hound of the Baskervilles nzima usiku huu, tangu maiti ya kwanza hadi kinamasi cha mwisho. Sherlock Holmes na Daktari Watson wamo. Sir Henry Baskerville, mrithi wa jumba lenye laana, yumo. Wamo Daktari Mortimer, mtumishi Barrymore na mkewe mwenye majonzi, Stapleton anayewinda vipepeo, dada yake mrembo, na wanakijiji wanaotoa maonyo ambayo hakuna aliyeyaomba. Wote hao wametoka katika miili mitatu na kikapu kimoja cha kofia. Nimecheka mpaka mama wa Kiingereza aliyeketi kando yangu, mtu ambaye sijapata kumwona maishani, akanipa kitambaa chake nifute machozi.

Haya, nivute pumzi nieleze vizuri.

Tamthilia yenyewe si ngeni. Iliandikwa na Steven Canny na John Nicholson kwa ajili ya kikundi cha vichekesho cha Peepolykus, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2007 mjini Leeds, katika ukumbi wa West Yorkshire Playhouse ambao siku hizi unaitwa Leeds Playhouse. Mwaka huo huo ikahamia London, Duchess Theatre. Tangu hapo imechezwa na vikundi vikubwa na vidogo, vya kulipwa na vya kujitolea, na sababu mojawapo kila mweka hazina wa kikundi cha maigizo ataielewa bila kuelezwa: mishahara ni mitatu. Mimi nilikuwa naisikia tu. Marafiki wanaisimulia, wanaanza kucheka kabla hawajafika penyewe, halafu wanakata tamaa: "Ah, basi, ungekuwepo." Usiku huu nimekuwepo. Ukumbi mdogo wa Yorkshire, viti vinavyolia kila ukijigeuza, kikundi kinachozunguka na mizigo yake ndani ya gari moja, na tiketi ya bei isiyomtia mtu homa.

Kwa asiyeijua hadithi, naikimbiza. Arthur Conan Doyle alikwisha kumuua Sherlock Holmes mwaka 1893, akamtumbukiza kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi, akidhani amemaliza kazi. Wasomaji hawakumwacha apumue. Agosti 1901 jarida la The Strand likaanza kuitoa hadithi hii vipande vipande, mwezi baada ya mwezi hadi Aprili 1902, na Doyle akajitoa lawamani kwa ujanja mwepesi: kisa ni cha zamani, cha kabla ya Holmes kufa. Mzee Sir Charles Baskerville anakutwa amekufa nje ya jumba lake huko Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, nyika ya mawe na ukungu na matope yanayomeza farasi mzima. Mwili hauna jeraha. Uso umekunjamana kwa hofu. Si mbali na hapo kuna nyayo za jibwa kubwa. Na ukoo huo una habari yake ya kale: babu yao mmoja, Hugo, mtu mwovu kupindukia, aliraruliwa koo na mnyama wa kuzimu, na inasemekana mnyama huyo hajawasamehe wajukuu. Sasa mrithi mpya amefika kutoka Canada, na Holmes anaulizwa: hii ni laana, au kuna mtu?

Niliposoma kitabu hiki utotoni kulikuwa na jambo moja lililoniudhi. Holmes anatoweka! Anamwambia Watson aende Dartmoor na Sir Henry, eti yeye amebanwa na shughuli London, kisha kwa sura nyingi za katikati, ambazo ndizo zenye ukungu na vilio vya usiku na watu wa kutiliwa shaka, bwana mkubwa hayupo. Umenunua kitabu kwa ajili yake, naye hayumo.

Sasa sikiliza walichofanya Canny na Nicholson. Wameliangalia pengo hilo wakaona ni bahati iliyokuwa inawasubiri zaidi ya miaka mia. Ikiwa Holmes hayupo jukwaani, mwigizaji wake yuko wapi? Yuko nyuma ya pazia anabadilisha suruali! Mwigizaji yule yule anayecheza Holmes ndiye Barrymore. Ndiye mke wa Barrymore. Ndiye Stapleton. Ndiye dada yake Stapleton, ambaye katika tamthilia hii anaitwa Cecile. Yaani karibu kila mtu ambaye mpelelezi angepaswa kumshuku ni mpelelezi mwenyewe ndani ya masharubu mengine. Watson anaandika barua kumlalamikia Holmes kwamba amemwacha peke yake, naye Holmes, amevaa aproni, anampitishia chai.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sitazami mzaha wa kawaida wa kubeza kitabu cha wazee. Hadithi ya Doyle, ukiivua ukungu, ni hadithi ya watu wanaojifanya wasivyo: mtu anaitwa jina lisilo lake, uhusiano unaotajwa si uhusiano uliopo, hata Holmes mwenyewe anajificha mahali ambapo hakuna aliyemtarajia. Kumpa mtu mmoja nyuso zote hizo ni kukisoma kitabu kwa makini sana, kisha kukicheza kwa sauti kubwa. Mhalifu simtaji. Najua kitabu kina umri wa zaidi ya karne, lakini mama wa kitambaa alikuwa hajakisoma, na nilipomsikia anashtuka karibu na mwisho niliona wivu.

Na mapenzi je! Sir Henry anampenda Cecile kwa mtazamo wa kwanza. Sisi ukumbini tunaona anampenda Holmes aliyejitanda shali. Mwigizaji wa Sir Henry, kijana mrefu mwenye magoti yanayotetemeka yenyewe, alimtazama kwa uchu wa kweli kabisa, bila kutukonyeza hata mara moja, na mwenzake akampokea kwa haya ya mwanamwali. Kisha Stapleton anatakiwa aingie kwa hasira amkute dada yake anabembelezwa. Ehe? Anaingiaje, na dada ni yeye? Nilikaa ukingoni mwa kiti. Jamaa akageuka upande wa kushoto, shali ikashuka, sauti ikawa ya kiume: "Unafanya nini na dada yangu?" Akageuka kulia, shali ikapanda: "Kaka, tafadhali!" Kushoto, kulia, kushoto, kasi ikaongezeka, mpaka shali ikabaki upande usio wake na Cecile akanguruma kwa besi huku Stapleton akilia kwa sauti nyembamba. Ukumbi ulipasuka. Sir Henry, maskini, akaendelea kumwomba radhi kila mmoja kwa zamu yake.

Siri ya kichekesho cha namna hii ni kwamba watu waliomo ndani yake hawajui kwamba kinachekesha. Watson wa usiku huu alikuwa na uso wa mtu anayejaza fomu ya serikali. Kila alilofanya alilifanya kwa uaminifu. Alipopanda treni, yaani viti viwili na waigizaji wanaojitikisa, alishika kofia yake vizuri kila treni ilipopinda, na nilipoacha kumtazama usoni nikatazama mikono yake niliona hata mvuke wa dirisha anaufuta. Dirisha halipo! Mtu mwenye adabu hiyo mbele ya dirisha lisilokuwepo utamwamini atakapokuambia kwamba nje kuna jibwa.

Nilimkumbuka marehemu King Majuto wa Tanga. Yeye alikuwa na kipaji hicho hicho cha kukasirika kikweli katika jambo la kipuuzi. Hakuwahi kukuomba ucheke. Kuna wachekeshaji wengi wanaovaa suruali kubwa na kupaka uso chaki ili uelewe kwamba sasa ni zamu yako kucheka. Hawa watatu hawakupaka kitu.

Halafu yapo mambo ya jukwaani ambayo sinema yenye mamilioni haiwezi kuyagusa. Ukungu wa Dartmoor ulitoka katika mashine iliyowekwa waziwazi pembeni, ikawa inakohoa wakati usiofaa, na waigizaji wakaisubiri imalize. Kinamasi cha Grimpen kilikuwa sakafu tupu ya mbao. Sakafu tupu! Sir Henry akakanyaga, akazama hadi kifundoni, hadi gotini, hadi kiunoni, kwa kukunja miguu tu na kupunguza pumzi, na Watson akamnyooshea fimbo, naye akavutwa, na kiatu kikabaki ndani. Kiatu alikuwa nacho mguuni wakati wote, tuliona. Hata hivyo alitembea nusu saa iliyofuata kama mtu aliyepoteza kiatu, akichechemea kwa soksi isiyokuwepo, na niliwasikia watu watatu nyuma yangu wakimsikitikia.

Watatu hao pia wanajicheza wenyewe. Tamthilia imeandikwa hivyo: mara kwa mara hadithi inakatika, na mbele yetu hawapo tena watu wa zama za Malkia Victoria bali waigizaji watatu waliochoka, wenye vinyongo vyao na hofu zao. Mwanzoni tu, Sir Charles ametoka kufa kifo cha kuogofya, taa zinawaka na mmoja wao anakuja mbele kutuonya kwa upole kwamba wenye moyo mwepesi wajihadhari. Anaonya kwa kirefu mno, hadi maiti ikachoka kulala. Nikadhani ni kichekesho cha kupita. Kumbe walikuwa wanaandaa mtego.

Mtego ulinasa baada ya mapumziko. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu kwa ajili ya kipande hiki pekee ningelipa tiketi mara mbili.

Tunarudi vitini na vikombe vyetu. Taa zinazima. Badala ya Dartmoor, waigizaji watatu wanatoka wakiwa na nyuso za msiba. Kuna malalamiko. Mtu mmoja miongoni mwetu, wakati wa mapumziko, ameandika kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa dhaifu, na hasa Holmes, kwamba alikuwa mzito. Mwigizaji wa Holmes ameyasoma, ameumia. Hawezi kuendelea. Wenzake wanambembeleza. Anawatazama watazamaji mmoja mmoja kumtafuta mwovu aliyemwandikia, na nakuapia kila mtu akaanza kujipekua moyoni: ni mimi? Kisha anatoa sharti lake. Ili kuthibitisha kwamba si mzito, watairudia sehemu yote ya kwanza. Yote. Sasa hivi. Kwa kasi.

Na wakairudia!

Sijui niandikeje. Kila tulichokitazama kwa muda wa karibu saa nzima kikapita tena kwa dakika chache: kifo cha Sir Charles, onyo la wenye moyo mwepesi, nyumba ya Baker Street, hadithi ya Hugo, treni, jumba, chakula cha usiku, kinamasi, mapenzi. Maneno yamekatwa yamebaki vichwa tu. Kofia zinaruka hewani. Mtu anaingia mlangoni kama Barrymore, anazunguka nyuma, anatokea kama mke wake kabla Barrymore hajamaliza sentensi. Treni ilifika kabla haijaondoka. Sir Henry alizama na kuopolewa katika pumzi moja. Mashine ya ukungu, nayo imechangamka, ikatoa wingu lote la usiku kwa mpigo, na ndani ya wingu hilo tukawa tunasikia sauti tu, hatua tu, "Kaka, tafadhali!" moja ya mbali, halafu kishindo cha mtu aliyekosa kiti.

Ndipo nilipoelewa kwa nini sehemu ya kwanza ilijengwa kwa utulivu ule. Kila kichekesho nilichodhani kimekwisha kilikuwa kimewekwa akiba. Tulikuwa tumekwisha kufundishwa tamthilia nzima bila kujua, tukaijua kiasi kwamba nukta moja ya kofia ilitosha kutukumbusha onyesho zima, na sasa tulikuwa tunacheka mbele ya waigizaji, tunawasubiri wafike. Mtoto mmoja safu ya mbele akapaza sauti, "Kiatu! Amesahau kiatu!" Sir Henry akasimama katikati ya mbio, akamtazama, akarudi nyuma, akazama upya, akaacha kiatu, akaendelea. Makofi ya dakika nzima. Hilo halimo kitabuni wala kwenye mswada. Lilizaliwa pale pale na likafa pale pale, nami nililiona.

Na kuna akili nyingine imejificha humo. Upelelezi wowote wa kweli ni kurudia. Mpelelezi anafika baada ya tukio, anakusanya vipande, anauendesha usiku wa mauaji upya kichwani: nani alikuwa wapi, aliingia mlango gani, alichukua muda gani. Holmes hufanya hivyo ameketi, kiko mdomoni. Hawa wamefanya kwa miguu. Nilipokuwa natazama marudio yale ya kasi, nakiri niligundua kidokezo kimoja ambacho kilinipita mara ya kwanza, nami kitabu nimekisoma.

Baada ya kilele kama hicho lazima pawe na mteremko, na kweli upo. Robo saa iliyofuata ilinyong'onyea. Watazamaji walikuwa wamechoka mbavu na waigizaji wamechoka mapafu, na utani kuhusu lafudhi ya wanakijiji wa Devon ulirefushwa kuliko thamani yake. Kucheka matamshi ya watu wa shamba ni mali rahisi, Uingereza kama kwetu. Pia kuna wimbo mdogo ambao kikundi hiki kimeupachika na ambao, kwa maoni yangu, ungebaki garini. Basi. Sina lawama zaidi, na hizo nimezitafuta kwa tochi.

Kwa sababu jibwa lilipokuja, lilikuja.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Wote tulikuwa tumejiandaa; saa mbili tumefundishwa kwamba kila kitu hapa ni kofia na shali, kwa hiyo jibwa nalo litakuwa mtu mwenye masikio ya karatasi. Taa zikapungua moja moja. Ukungu, safari hii wa kiasi. Watson akaacha kusema katikati ya neno. Kisha mlio, si kutoka jukwaani bali nyuma yetu, chini, kama unatoka mbaoni. Hakuna aliyecheka. Ukumbi wa watu waliokuwa wanapigapiga mapaja ukanyamaza mara moja, na mama wa kitambaa akanishika mkono. Doyle alilipa jibwa lake fosforasi ili ling'ae gizani. Hawa walilipa mwanga mdogo wa kijani na muda. Muda ndio uliofanya kazi. Aliyeweza kukucheleweshea kichekesho kwa sekunde moja ili kikupate vizuri, anaweza kukucheleweshea na hofu vile vile.

Mimi nimekulia Unguja, nao wa rika langu wanaukumbuka mwaka 1995, jini popobawa alipowatoa watu majumbani wakalala nje kwa makundi. Usiku walitetemeka, asubuhi walisimuliana na kuchekana nani alikimbia ameacha kanzu. Kicheko na hofu vililala mkeka mmoja. Ndiyo maana tamthilia hii haikunifanya nione kwamba fumbo limedharauliwa. Wanaodhani kumchekesha mtu kwa Sherlock Holmes ni kumvunjia heshima Sherlock Holmes waje wakae kiti changu wakati taa zinapungua.

Waingereza, kwa kweli, wameigeuza kazi hii kuwa fani. Mwaka 2005, Leeds hiyo hiyo, ukumbi huo huo, Patrick Barlow alitoa The 39 Steps yake ya waigizaji wanne, ikiongozwa na Fiona Buffini. Ikahamia Criterion Theatre London mwaka 2006 na ikakaa pale hadi 2015. Mmarekani Ken Ludwig naye alilichukua jibwa hili mwaka 2015 akalipa waigizaji watano, wawili kwa Holmes na Watson na watatu kwa dunia nzima iliyobaki. Na Duchess Theatre, jukwaa lile lililowapokea Peepolykus mwaka 2007, tangu 2014 limekaliwa na The Play That Goes Wrong, ambamo wanafunzi wa maigizo wanajaribu kucheza tamthilia ya mauaji na jumba lenyewe linawaangukia. Nimewahi kuziona rekodi na vipande vya hizo. Ya Ludwig ni nadhifu mno kwangu. Ya Duchess inategemea mbao kuanguka. Hii ya watatu ndiyo iliyo karibu zaidi na mchezo wa watoto uwani, na ndiyo ninayoipenda.

Nimetembea kutoka ukumbini hadi kituo cha basi nikiongea peke yangu, na nilichokuwa nakisema ni jina moja: Bwana Msa.

Maana sisi tunaye! Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960, na humo akatupa mpelelezi mwenye kiko na macho yasiyopitwa na kitu, na pembeni yake Najum, rafiki wa kushangaa kwa niaba yetu. Tangu siku hiyo kila mtu amesema Bwana Msa ni Holmes wa Unguja. Lakini litazame fumbo lenyewe: tajiri, Bwana Ali, anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu huamini wahenga bado wana mamlaka. Ni laana, au kuna mtu? Ni swali lile lile la Baskerville, na mbuyu na ubani badala ya ukungu na matope. Halafu kuna Kisima cha Giningi cha 1968, ambacho jina lake peke yake linatosha kuzima taa za ukumbi.

Ndugu zangu wa maigizo, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, mnangoja nini? Idhini iombwe kwa wenye haki ya vitabu, na baada ya hapo gharama ni kofia. Mavazi yamo kabatini kwa kila babu: kanzu, koti, tarbushi, bui-bui. Ukumbi hauhitaji pazia la umeme. Ua wa shule unatosha, na umeme ukikatika wakati wa mzimu msiuwashe haraka. Watazamaji wetu hawahitaji kufundishwa kupaza sauti. Huko Yorkshire ilibidi mtoto mmoja athubutu, kwetu ukumbi mzima utamwambia Najum ageuke nyuma. Na waandishi wa mswada wasiiguse hadithi. Waache fumbo liwe fumbo, ushahidi ukae mahali pake, na mwandani wa mpelelezi aamini kila kitu kwa moyo mkunjufu.

Watatu wanatosha. Mmoja awe Bwana Msa na kiko chake, na kila Bwana Msa anapotoka aingie mshukiwa mwenye kiko hicho hicho amekificha mgongoni. Mmoja awe Najum, Najum tu, asibadilishwe, maana lazima awepo mtu mmoja asiyeelewa. Na wa tatu apewe maiti ya Bwana Ali: alale pale mzimuni hadi taa zizimike, ainuke, ajipanguse mchanga, avae kofia ya Inspekta Seif wa polisi, na aanze kuuliza kwa ukali ni nani aliyemuua.